Makande ya Waliosimama

Mbinga, kwenye ghala la kahawa

Dada Agnesi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila kiuno. Nyinyi huko ziwani mkoje? Macho yako yanaonaje siku hizi? Shemeji bado anakohoa? Na muhogo mlioupanda kwenye mchanga juu ya kisima, umeota au nguruwe wameuchimba tena? Nijibu moja moja, usiseme tu "wote wazima" halafu nikaja kusikia mengine kwa dereva wa lori.

Huku baridi. Asubuhi ukungu unaingia mpaka ndani ya ghala, ukipumua unaona moshi wa mdomo wako mwenyewe. Nyinyi mnalala bila shuka, mimi nalala na koti.

Barua yako imefika na lori linaloshuka Mbamba Bay kuchukua usipa. Lilikwama siku mbili kwenye tope la mteremko, bahasha imefika inanuka samaki. Nilipoifungua nilijua mwandiko wa Skola kabla sijasoma neno. Maneno yako, mkono wa mwanangu. Nimeisoma mara nyingi. Mimi na darasa langu la nne nasoma polepole, lakini hii niliisoma hata mara ambazo sikuwa na haja.

Umesema Skola amemaliza la saba na hakuchaguliwa. Umesema mguu wake wa kushoto ni ule ule, hawezi kulima kutwa, na ndoo ya maji toka ziwani anapumzika nayo mara tatu njiani. Umesema kazi ya kuchambua kahawa ni ya kukaa, haina jua wala mzigo, mama yake aliifanya, basi nimtafutie nafasi pale pale mezani. Umesema, "Kukaa tu mdogo wangu, hata yeye ataweza."

Jibu langu ni hili. Asije.

Nimelisema mapema usikae unasubiri. Lakini najua ukisikia hilo peke yake utasema Beno amemkana mtoto, au amepata mwanamke huko. Sijapata mwanamke. Kwa hiyo inabidi nikwambie kitu ambacho sijakwambia tangu tulipomzika Yustina. Na wewe husomi, anayekusomea ni Skola. Ningeweza kuituma kwa katekista akusomee pembeni, mtoto asisikie. Siku nne nimelifikiria hilo. Nimeona hapana. Aliyekufa ni mama yake.

Skola, soma yote. Usiruke mstari kwa kumwonea huruma shangazi yako, wala mimi. Sauti ikikwama, kunywa maji, uendelee.

Dada, nilipoanza kazi hapa ghala lilikuwa la ushirika. Kila mchana uani lilipikwa sufuria kubwa la makande, mahindi na maharage, na wote tunapanga foleni. Sisi makuli tunaobeba magunia, wanaume wa mashine ya kukobolea, na kina mama wa mezani. Hao wanakaa kwenye benchi, mbele yao meza ndefu yenye kingo, buni zinamwagwa pale. Wanatoa punje nyeusi, zilizovunjika na vijiwe, moja moja kwa vidole, toka asubuhi mpaka jioni. Yustina alikuwa anakaa mwisho wa benchi karibu na mlango. Hapo ndipo penye upepo. Waliofika nyuma ndio wanakaa hapo, na yeye alikuwa anachelewa kwa kuwa anaanza kuniandalia mimi.

Halafu ushirika ukafa. Watu binafsi wakaruhusiwa kununua kahawa, akaja mwenye ghala mpya. Tunamwita Bosi. Si mtu mbaya, hilo nakwambia. Hapigi, hatukani, anasalimia. Ila kila kitu anakipima. Mimi nilikuwa nyapara, akaniacha niendelee. Siku moja akaniita kwenye chumba chake, akasema sufuria lile haliwezi, atapika nusu yake. Akasema, wewe unawajua hawa watu, niambie nani akikosa chakula cha mchana atashindwa kazi.

Dada, sikufikiri. Nilijibu pale pale nimeshika mlango.

"Wape wanaosimama. Aliyekaa anatumia nini?"

Najua nilikolitoa neno lile. Limetoka nyumbani. Wewe unakumbuka siku za kulima kwa pamoja kwa baba. Wenye majembe wakitoka shambani wanakaa kwanza, wanapakuliwa kwanza, ugali wa moto na samaki mzima. Nyie mliokuwa kivulini mnamenya muhogo na kuchambua usipa toka alfajiri, mnakuja baadaye kukwangua sufuria. Hakuna aliyeona ajabu. Baba alikuwa anasema waliokaa hawana njaa, wana hamu tu. Tukacheka, na wewe ulicheka. Mimi nilikua na hilo kichwani kama nilivyokua na jina langu.

Bosi akachukua karatasi, akaandika majina ya wanaosimama, ikabandikwa mlango wa jiko. La kwanza langu. Kina mama hakuna hata mmoja.

Kina mama walipoona karatasi hawakupiga kelele. Kuna mmoja anaitwa Mama Zuhura, mjane, watu wake walitoka pwani zamani wakafungua duka hapa mjini, duka likafa, yeye akaja mezani. Mdomo wake hauna mlango. Aliisoma karatasi ile mpaka chini, akaniuliza kwa upole kabisa kama anayesimama ndiye anayekula. Nikasema ndiyo. Akasema haya nyapara, tumesikia.

Kesho yake tumeingia, tunakuta kina mama wote wamesimama. Benchi limesukumwa ukutani. Wanachambua wamesimama, wameinamia meza, migongo imepinda kama wanaofua nguo. Makuli walicheka mpaka wakaweka magunia chini. Ndanda, yule mrefu wa Kitura, akawaambia mkisimama hivyo mpaka Pasaka mtapata na nyama. Mama Zuhura akamjibu kwamba yeye alikuwa anasimama kabla mama yake Ndanda hajajua kutembea. Hata mimi nilicheka.

Ila meza ile ni fupi, imetengenezwa kwa mtu aliyekaa. Kufika saa nne wengine wameshika viuno. Punje nyeusi zinapita. Bosi akaja akachota kiganja kwenye gunia lililokwisha kuchambuliwa, akaninyooshea. Nikaona aibu mimi. Nikaenda mezani nikawaambia wakae. Mama Zuhura akasema tukikaa tunakula? Nikasema mkikaa mnafanya kazi. Wakavuta benchi, wakakaa mmoja mmoja.

Yustina hakukaa. Alikuwa anaendelea kuchambua kama hajanisikia. Makuli wananitazama, yule ni mke wangu, wanataka kuona. Sikumwita Mama Skola kama ninavyomwita. Nilimwambia, "Wewe wa mlangoni, kaa." Akanitazama kidogo tu. Akakaa.

Hiyo ni ya kwanza.

Ikaja baridi ya mwezi wa saba. Unajua wewe hujawahi kuishi na baridi ya huku. Sisi tunaobeba tunatoa jasho, tunavua mashati. Wao wamekaa, sakafu saruji, mlango wazi kwa sababu magunia yanapita. Niliwaona wanatetemeka. Niliona kwa macho yangu. Nikasema moyoni wangekuwa wanafanya kazi wasingetetemeka.

Siku moja mchana nimekaa uani na bakuli langu, Yustina akaja. Si kawaida yake kuja kwenye wanaume. Akachuchumaa pembeni yangu, akasema kwa sauti ya chini,

"Baba Skola, niachie kidogo chini ya bakuli."

Na mimi, dada, mbele ya wale wote, nikamjibu,

"Umekaa toka asubuhi. Umechoka na nini?"

Walicheka. Haikuwa dhihaka kubwa, ni kicheko cha kazini. Yeye akajifuta mikono kwenye kanga, akaondoka. Hakuomba tena. Si siku hiyo wala nyingine. Mimi nikamaliza bakuli. Nakumbuka nilikwangua.

Nyumbani jioni alikuwa anapika, anakula kidogo haraka, analala. Mimi nikawa namwambia amekuwa mvivu, mji umemharibu. Alikuwa anasema tu kesho atachelewa kulala.

Kahawa ya vijiji vya Maguu ilipoanza kuingia kwa wingi, magari yanapanga mstari mpaka barabarani, hatukupumua. Siku hiyo niko juu ya ubao wa kushushia mizigo na gunia begani, nikaona kichwa cha Yustina kiko mezani, juu ya buni. Nikajua amesinzia. Nikapiga kelele toka juu kwamba watu wanalala kazini. Mama Zuhura akamtikisa. Halafu Mama Zuhura akaniita nishuke, haamki.

Nilimbeba mgongoni mpaka hospitali. Dada, mimi nabeba gunia kila siku toka nikiwa kijana. Uzito naujua bila mizani. Mke wangu hakufika gunia. Nilikuwa natembea naye najiuliza uzito wake mwingine umekwenda wapi.

Walimkuta na malaria, kweli. Nyie niliwaambia malaria, si uongo. Ila walisema pia damu imekwisha mwilini, na alikuwa na mimba ya miezi minne. Mimi sikujua mimba. Mama Zuhura alijua. Siku ya pili mimba ikatoka. Siku ya tatu akafa, asubuhi, jua limeshatoka. Hakunilaumu kitu. Aliniuliza nimekula.

Ndipo tukashuka naye na lori la kahawa mpaka hapo kwenu. Ulinikumbatia pale ufukweni ukasema masikini mdogo wangu, malaria haina huruma. Nikaitikia. Skola alikuwa amesimama nyuma yako ameshika fimbo yake, ananitazama kama mtu anayesubiri nimalize kusema. Sikumaliza. Namaliza leo.

Sasa sikiliza yaliyofuata, ndiyo yamenifanya niseme asije.

Mvua zilipoanza ubao uliloa, nikateleza na gunia. Halikuniua ila kiuno kimeachana na mimi. Hospitali ile ile. Tabibu mmoja kijana, mtu wa huku huku milimani, akaniambia kusimama na kubeba nisahau kwa sasa, anipe mazoezi ya kukaa. Nikamwuliza mazoezi ya kukaa ni mazoezi gani, huo si mchezo wa wazee. Akaniweka kwenye kiti cha mbao. Inua mguu, nyoosha, ushike hapo hapo, shusha. Mwingine. Mikono mbele na nyuma kama unapiga kasia. Nikaona rahisi, nikataka kucheka.

Dada, nilipofika mara ya kumi na tano miguu ilikuwa inatetemeka yenyewe. Jasho likanitoka mpaka kwenye macho. Sijanyanyuka kwenye kiti. Alipomaliza nilikuwa na njaa, njaa ile ya mtu aliyeteremsha gari zima.

Nikamwuliza, kwa hiyo mtu akiwa amekaa naye anatumia chakula? Akacheka, akidhani nauliza kwa kupitisha muda. Akasema kusimama kunachoma zaidi, hilo kweli, na kubeba zaidi tena. Lakini aliyekaa anachoma pia. Mikono inachoma, macho yanachoma, baridi ndiyo inachoma hasa kwa sababu mwili unatafuta joto. Mwenye mimba anachoma kwa ajili ya wawili. Akasema,

"Hata mtu aliyelala mwili unakula. Moyo haukai chini."

Nikamwuliza, na mwenye mimba, amekaa kwenye baridi kutwa, hali chakula cha mchana, na ana malaria? Hapo akaacha kucheka. Akaniuliza ni nani. Nikamwambia nilikuwa nauliza tu. Akasema huyo angehitaji kula kuliko kuli yeyote. Sikumwuliza kama ni kukosa makande kulikomuua. Nadhani angesema hapana, malaria. Lakini nilivyomwona uso, sikutaka kusikia anavyoisema hiyo hapana.

Nikatoka, nikakaa kwenye ngazi ya hospitali mpaka mlinzi akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza lini. Nikamwambia mwaka jana. Akaniacha.

Bosi hakunifukuza. Alinipeleka mezani, mimi mwanamume peke yangu katikati ya kina mama. Siku ya kwanza Ndanda na wenzake wakanipigia vigelegele. Wakaniita Mama Beno, wakaniuliza leo nyumbani kunapikwa nini. Nikastahili. Mahali pekee palipokuwa wazi ni mwisho wa benchi, mlangoni. Nikakaa. Mama Zuhura akasogea kidogo, akasema,

"Karibu nyapara. Umekuja kupumzika."

Hakucheka aliposema. Na wengine hawakucheka.

Nikuambie kukaa kulivyo, dada, maana wewe umekaa maisha yako yote ukimenya muhogo na hakuna aliyekuuliza. Shingo ndiyo inaanza. Halafu katikati ya mabega kama mtu ameweka kidole hapo hatoi. Miguu inakufa ganzi, baridi ya saruji inapanda. Macho yanaona punje hata ukiyafumba. Saa sita harufu ya makande inavuka uani, wanaume wanapita na mabakuli, wewe umekaa. Kwa sababu huna ruhusa ya kunyanyuka pia, kunyanyuka ni uzembe. Saa nane vidole vinaanza kutetemeka, unatupa buni nzuri unaacha mbaya. Na mimi ni mwanamume, sina mimba, sina malaria. Jioni nilishindwa kunyoosha mkono kushika kikombe. Nikakumbuka alikuwa anafika nyumbani anawasha moto, na mimi nimelala kitandani nimechoka, maana mimi nilikuwa nimesimama.

Basi barua yako ikanikuta mimi ndiye wa mlangoni. Kwanza nilifurahi, nisikudanganye. Nilisema Skola atakaa karibu yangu, nitamwona kila siku, sijamwona toka msibani. Nikasema nitaenda kwa Bosi nimwombe arudishe makande kwa wote, hata nusu bakuli kila mtu, ndipo nimwite.

Nikaenda. Nilimweleza yote ya tabibu. Nilimweleza aliyekaa naye anatumia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Halafu akasema,

"Benedikto, mimi sikujua kitu cha watu hawa. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Nilikuwa nimeshika mlango ule ule.

Aliniona nimesimama tu. Akanihurumia, nasema kweli alinihurumia. Akasema wote hawezi, lakini huyu binti, kwa ajili ya mama yake, na mguu wake huo, ataandika jina lake kwenye karatasi. Bakuli moja, kila siku. Hatarudi nyuma kwenye neno lake, namjua.

Nilitoka pale natembea kama sina kiuno kibovu. Nikaanza hata kukuandikia barua nyingine, hiyo ilikuwa inasema njoo, mpandishe lori la kwanza, mpe na sweta. Ukurasa mzima. Mchana nikamwambia Mama Zuhura kwamba mwanangu anakuja na amepata bakuli. Nilidhani atafurahi, alimpenda mama yake. Aliendelea kuchambua. Halafu akaniuliza atakula wapi chakula hicho. Nikasema hapa hapa mezani, mguu wake haupendi kwenda na kurudi. Akasema mbele yetu? Nikasema ndiyo, mtazoea.

Akaacha kuchambua. Halafu akanieleza kitu ambacho sikukijua. Yustina alikuwa anatoka nyumbani na kipande cha muhogo wa kuchemsha kwenye fundo la kanga. Kimoja. Saa sita anakikata mara tatu, kimoja anampa yeye Mama Zuhura, kingine anampa msichana aliyekuwa ananyonyesha. Walimkataza. Walijua mimba. Alikuwa anasema hawezi kutafuna huku wenzake wanamtazama, kinamkwama.

Mama Zuhura akasema, "Huyo mtoto ni wa nani, Baba Skola? Atakula peke yake?"

Dada, wewe umemlea, wewe ndiye unajua. Unajua akipewa samaki anatoa kichwa kwa paka na mkia kwa mtoto wa jirani. Mezani tuko kumi na wawili. Skola atapewa bakuli, litazunguka benchi lote, litarudi kwake tupu. Bosi atasema nilimpa. Karatasi itasema amekula. Na mimi nitakuwa nimekaa hapo namtazama anavyopungua, mara ya pili, na safari hii najua.

Ile barua ya njoo nimeichana. Ndiyo hii umeipata badala yake.

Kwa hiyo asije. Nimemwambia Bosi asante, hapana. Ameshangaa. Nimemwambia lile bakuli, kama lipo, ampe msichana anayenyonyesha. Amesema ataona. Sijui kama ataona. Na kiuno hiki kikiniruhusu kukaa kwenye lori siku mbili, kahawa ikiisha nashuka, sirudi huku. Kazi nitakayoifanya huko siijui. Mkinikuta namenya muhogo na nyie kivulini msinicheke.

Ninachokuomba ni kimoja, na nakuomba kama mdogo wako ambaye hajakuomba kitu kikubwa. Skola akikaa kumenya, akikaa kuchambua usipa, akikaa kushona nyavu na shemeji, siku ya kulima ikifika mpakulieni pamoja na wenye majembe. Wakati ule ule. Ugali wa moto, samaki mzima. Wazee wakiuliza amefanya nini huyu, waambie Beno amesema. Na wewe ule hapo hapo, dada. Usikwangue sufuria. Mimi nilikuwa mtoto nakuona unakwangua, na nilidhani unapenda ukoko.

Nisalimie shemeji Gaspari, mumeo, mwambie dawa ya kikohozi nimeipeleka kwa dereva, asiigawe kwa rafiki zake. Nisalimie baba mkubwa, mwambie ile kauli ya baba kuhusu waliokaa nimeirudia huku na imenitokea puani, yeye ni mkubwa, aikemee ikisemwa tena. Msalimie katekista, nimemwacha nje ya barua hii, asiudhike. Na mama mkwe, mama yake Yustina. Sina mdomo wa kumwandikia. Mpelekee hii. Akitaka kusomewa asomewe yote, na akisema nisikanyage kwake, nitapita njia ya chini ya ufukweni, nitaelewa.

Skola mwanangu. Umesoma mpaka hapa, kwa hiyo unajua. Sikuombi unisamehe, hilo si la kuandikiwa kwenye karatasi halafu ukalazimika kulisoma kwa sauti mbele ya shangazi. Ukitaka kunichukia una haki. Ila leo ukimaliza kusoma, kabla ya kunichukia, nenda kale kwanza.

Mdogo wako, na baba yake,

Benedikto